Mkufu wa Majani

Nilifika Biharamulo wanaume wakiwa wameshaondoka na jeneza kwenda makaburini. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, ua umejaa kandambili za wageni, na mimi nikaelekezwa chumba cha ndani walikokaa wanawake. Nikapewa nafasi kwenye mkeka karibu na ukuta. Nilitoa pole, nikaitikiwa, kisha kila mtu akarudi kwenye mazungumzo yake, maana hakuna aliyenijua wala niliyemjua. Nikala wali na maharage kwa adabu, sahani mapajani, nikasikiliza. Walimsifu marehemu kama inavyopasa. Mmoja alisema Mzee Idrisa alikuwa mkali. Mwingine akasema ukali wake uliishia kazini, nyumbani hata kuku hakumfukuza. Kisha binti yake mkubwa, macho yamevimba, akasema, "Baba alikuwa na kasoro zake, lakini juu ya dhahabu hajapata kusema uongo. Hata mara moja." Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikatazama wali wangu. Nilikuwa nimemsikia Mzee Idrisa akisema uongo juu ya dhahabu, mchana kweupe, huku akimtazama mtu machoni, na kwa ajili ya uongo ule nilikuwa nimepanda gari kutoka Ngara kuja kumzika.

Msibani hapasahihishwi maneno. Lakini njiani kurudi, nikiwa nimeegemea dirisha, mwaka ule ulinijia wote kwa pamoja, na tangu siku hiyo haujaondoka. Watu wa Ngara wananijua kama fundi mwanamke anayekarabati dhahabu, na wachache wanajua kwamba mimi hukusanya vitu vya zamani vilivyotengenezwa kwa mashine Ulaya: hereni zilizopigwa chapa, bangili za dhahabu ya kubandika, vifungo vya shati vyenye mistari myembamba kama alama za kidole. Wakija nyumbani huniuliza kwa nini ninaweka vitu ambavyo dhahabu yake ni kidogo hivyo. Huwajibu kwamba navipenda. Ni jibu la kweli, ila ni fupi. Ninaishi peke yangu, na majibu marefu yanahitaji mtu wa kukaa naye.

Mwaka ninaousema ni ule wa mwisho wa kambi za Wanyarwanda, kabla hawajarudishwa kwao. Mzee Idrisa alikuwa amepanga vyumba viwili vya matofali ya udongo pale Kasulo, kwenye senta iliyochipuka kando ya barabara kwa sababu ya kambi. Cha mbele kilikuwa karakana: mizani, tanuri dogo la mkaa, na benchi la wateja. Cha nyuma nililala mimi, katikati ya magunia ya mkaa na mashine ya roli ambayo Mzee aliifunga kwa boliti juu ya gogo. Mashine ile ilikuwa na silinda mbili za chuma zilizobanana. Ukiingiza kipande cha dhahabu na kuzungusha mpini, kinatoka upande wa pili kimekuwa bamba. Nilijifunza kulala nikisikia harufu ya grisi yake. Nje, vilima vilikuwa vimenyolewa miti yote kwa ajili ya kuni, na upepo ukivuma ulileta vumbi jekundu, moshi, na sauti za watu wengi mno, hata ukajiuliza watu wote wale wanawezaje kuwepo na wewe ukakosa wa kuzungumza naye.

Mzee aliniajiri kwa sababu ya lugha. Yeye alikuwa mtu wa Tabora kwa asili, alijua Kiswahili tu, na wateja wake wengi hawakukijua. Mimi ni Mhangaza wa Bukiriro. Kihangaza na Kirundi ni mtu na dada yake, na Kinyarwanda ni binamu wa karibu. Kwa hiyo nilikaa kati yake na benchi. Walileta vilivyobaki: pete za ndoa, misalaba, mikufu ya shingoni iliyoshonewa ndani ya mikanda ya nguo. Mzee alisugua kitu kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi, akatazama kama alama inabaki au inayeyuka. Alama ikiyeyuka, mimi ndiye niliyepaswa kumwambia mwenye kitu kwamba si dhahabu. Namkumbuka baba mmoja mwenye mvi aliyeleta mnyororo wa saa. Ulikuwa wa dhahabu ya kubandika: bamba la shaba limevikwa ngozi ya dhahabu na kupitishwa kwenye roli mpaka vikawa kitu kimoja. Pale ulipokuwa ukisuguana na mfuko kwa miaka, shaba ilikuwa imechungulia. Nikamwambia. Akauchukua, akaupangusa kwa kiganja, akasema, "Baba yangu hakujua hilo," kisha akaondoka taratibu. Maneno yalikuwa ya Mzee lakini sauti ilikuwa yangu, na watu huikumbuka sauti.

Jioni Mzee alikula hotelini na madereva wa malori, halafu akaenda kulala kwa muuza nyama aliyempangisha chumba. Mimi nilipika pale pale kwenye mkaa uliobaki wa tanuri: ugali wa mahindi ya njano ya msaada, yaliyokuwa yakiuzwa kila kibanda, na maharage, au dagaa kama wamefika. Nilikula nimeutazama ukuta. Kupitia ukuta ule niliwasikia majirani wakigombana, wakicheka, wakisali rozari. Wenyeji wenzangu waliniona kama mtu wa wakimbizi, kwa kuwa nilishinda nao. Wakimbizi waliniona kama mtu wa Mzee. Nilikuwa na umri wa kuolewa na sikuwa na mtu hata wa kuniambia kwamba nywele zangu zimeharibika.

Kilichoniokoa ni kutazama. Mzee hakuwa mwalimu wa maneno mengi, lakini kazi ikipungua alinipa lenzi yake na kitu kilichokuwa kikisubiri kuyeyushwa, akaniuliza, "Kimetengenezwaje?" Nikajifunza kwamba kilichomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo mgongoni, kama ugali uliopikwa kwa haraka. Kilichopigwa chapa, yaani bamba lililogandamizwa kwenye umbo kwa mashine, hakina vitundu. Kingo zake ni kali na nyuma yake ni kivuli cha mbele. Mnyororo wa mkono una pete zinazotofautiana kidogo, kama ndugu. Wa mashine pete zake zote ni mtu mmoja. Aliniambia alivyosikia kutoka kwa Mhindi aliyemfundisha kazi: kwamba Ulaya zamani walitaka hata mke wa karani avae dhahabu, ndipo wakatafuta njia ya kuifanya nyembamba, wakaijaza hewa. "Hawakumwibia," alisema. "Walimuuzia umbo. Umbo nalo lina thamani yake." Kisha alichukua kile kitu, akakitia kwenye chungu kidogo cha kuyeyushia pamoja na vingine, na umbo likaisha. Nilipomuuliza kama haoni uchungu, alijibu, "Dhahabu haina kumbukumbu, binti. Ndiyo maana inapendwa."

Felisita alikuja siku ya gulio, mvua za masika zikiwa zinaishia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamefifia. Hakukaa kwenye benchi. Alifungua leso juu ya meza na ndani mlikuwa na mkufu ambao sijauona wa kufanana nao tangu hapo. Ulikuwa wa majani. Jani baada ya jani, madogo, yameshikana kwa vipete, kila moja na mishipa yake. Mzee aliupima, akataja bei. Watu wote hubishana. Yeye alisema, "Sawa," akachukua alichopewa bila kukitazama, akatoka. Mzee akanipa lenzi.

"Haya. Umetengenezwaje?"

Niliona mshono mwembamba ukizunguka ukingo wa kila jani. "Wa chapa," nikasema. "Nusu mbili, mbele na nyuma, zimeunganishwa kwa lehemu. Ndani ni hewa."

"Bamba lake jembamba kama ganda la kitunguu. Mashine ilishuka mara moja, jani likawa jani. Tazama tena."

Nikatazama tena, jani kwa jani, na karibu na kufuli nikaona lile moja. Lilikuwa zito, halina mshono. Mishipa yake haikupigwa na mashine. Ilichorwa kwa kisu cha fundi, na mmoja uliteleza ukatoka nje ya mstari. Mtu fulani, mahali fulani, alipewa mkufu uliopoteza jani, akakata lingine kutoka kwenye kipande kizima cha dhahabu, akajitahidi kuiga kiwanda akashindwa kidogo. Nililipenda jani lile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona duniani. Nikamwomba Mzee asiuyeyushe. Alicheka, akasema sasa nimekuwa mgonjwa, lakini akauweka kwenye sanduku la kioo lililokuwa na saa na kalamu, ukae kidogo, huenda akapatikana mnunuzi.

Gulio lililofuata Felisita alirudi. Alisimama mbele ya sanduku la kioo, akatazama, akageuka kuondoka. Nikamkimbilia na kikombe cha maji. Tangu hapo alikuja kila gulio. Alitazama kwanza, halafu alikaa nami nyuma ya karakana, mlangoni pangu, tukimenya viazi vitamu. Yeye aliongea Kinyarwanda, mimi Kihangaza, na pale yalipokwama tulipeana Kiswahili. Aliniita mdogo wangu. Alikuwa mtu wa kwanza mwaka ule kuniuliza nimekula nini. Alinisuka nywele akiwa ameniweka katikati ya magoti yake, vidole vikavu, vyepesi, na nilitamani kichwa changu kiwe na nywele zaidi ili asimalize. Hakusema habari za kwao wala za mumewe, ila nilijua yupo. Nami sikuuliza, mkimbizi huulizwa na kila mtu. Siku moja wanawake wawili kwenye benchi, waliokuja kwa mara ya kwanza na wasiojua bado kwamba nasikia lugha yao, walimtazama akitoka. Mmoja akasema, "Ameuona tena." Mwenzake akasema, "Mwenyewe hatakuja kuuchukua kamwe." Nikadhani wanamsikitikia kwa umaskini. Usiku kucha, kila nilipogeuka, niliyasikia maneno yale.

Kiangazi kilipoanza kukolea Mzee alitangaza kwamba anakwenda Mwanza. Mnunuzi wake alitaka kipande kimoja kizito, hakutaka mapambo. Akawasha tanuri, akaanza kumimina kila kitu kwenye chungu, na mkono wake ukaenda kwenye sanduku la kioo.

"Mzee, huo hapana," nikasema.

"Skola, nimevumilia kiherehere chako miezi yote hii."

"Nitaulipia uzito."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na bangili aliyoniachia mama. Ilikuwa imenikaza mkono tangu usichana. Niliitoa kwa sabuni, nikaiweka kwenye mizani upande mmoja, mkufu upande wa pili. Mkufu, kwa sababu ya hewa yake, ulikuwa mwepesi, bangili ikashuka. Mzee aliniangalia kwa muda. "Ile ni ya mama yako," alisema. Nikamwambia najua. Hakubisha zaidi. Niliitazama bangili ikikaa juu ya vitu vingine ndani ya chungu, ikageuka nyekundu, ikalegea, ikalala. Nilijiambia kwamba mama angeelewa. Nilikuwa nimekwishaona uso wa Felisita akifungua mkono wake na kuukuta mkufu ndani.

Siku ya gulio alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la kioo kama kawaida. Akaona pamebaki saa na kalamu. Nikamwona akishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akafumba macho. Nikadhani ni uchungu. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma, nikamwambia afumbue kiganja, nikauweka.

Aliutupa. Hakuutupa kwa hasira. Aliutupa kama mtu aliyeokota kaa la moto. Ulianguka kwenye maganda ya viazi. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mashine ya roli.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Hakuna aliyenituma, dada. Nimekununulia. Nilikuona unavyoutazama."

"Nilikuwa natazama kama umeshayeyuka! Kila gulio nakuja kuona kama umeshayeyuka. Watu waliniambia yule mzee huyeyusha kila kitu. Mbona wangu hauyeyuki? Nikasema Mungu ameukatalia moto."

Alikaa chini, pale pale sakafuni, akaniambia. Mkufu ulikuwa wa Verediana, jirani yake wa kilima kimoja, aliyekuwa akichota naye maji kisima kimoja tangu walipoolewa. Verediana aliuvaa siku za sikukuu. Siku ya ubatizo wa mwanawe Anonsiata, mtoto aliushika akauvuta, jani moja likaanguka na mtu akalikanyaga likawa bapa. Walicheka wote, kisha fundi wa sokoni akatengeneza lingine. Felisita alikuwepo, alikuwa ameshika sahani ya keki. Kisha zikaja zile siku za mauaji. Verediana aliuawa, na mumewe, na waliokuwa ndani ya nyumba. Felisita hakuona, alisikia, akajifungia. Barabarani, wakikaribia daraja la Rusumo na umati, mume wake Felisita alimwekea mkufu kiganjani, akamwambia, nimekupatia kitu, vaa. "Na mimi nikavaa," alisema. "Nilivuka mto nimeuvaa. Niligusa karibu na kufuli, nikalikuta lile jani, ndipo nikajua. Kabla ya hapo nilikuwa najua pia, ila vidole vyangu vilikuwa havijajua."

Nje, watu wa gulio walikuwa wakipiga kelele za bei. Baada ya muda akasema, "Utie motoni sasa hivi. Mimi nitapepea." Na nilikwenda mpaka kwenye tanuri, nikaweka mkaa. Halafu nikasimama. Nilikuwa nimeyeyusha mamia ya vitu mwaka ule na sikuwahi kuulizwa mwenyewe ni nani. Majani mengine yote ya mkufu ule yangeweza kuwa shingoni mwa mwanamke yeyote, maana kiwanda kilitoa mengi yasiyohesabika na yote ni sawa. Lile moja lilikuwa la Verediana peke yake duniani. Nikamuuliza kama kuna mtu wa Verediana aliyebaki.

"Anonsiata alikuwa kwa shangazi yake, upande wa Burundi. Sijui kama yu hai."

"Kama yu hai ataulizia nini cha mama yake?"

Felisita aliweka uso kwenye magoti. Alipoinua kichwa alinitajia jina kamili la Verediana, na la kilima, na kisima kilipo. Alinifanya nirudie mpaka nikayasema bila kukosea. "Mimi siwezi kukaa nao hata siku moja," alisema. "Uuweke wewe. Lakini mume wangu akijua kwamba upo, ataufuata." Kisha akaondoka, na viazi vyetu vikabaki vimemenywa nusu.

Mzee aliporudi kutoka Mwanza alinikuta sijala. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua birika akaenda kutawadha, na sala yake ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kumwona akisali. Kwa siku kadhaa hakuwasha tanuri. Watu walileta vitu vyao, akasema mkaa umelowa. Baadaye aliendelea na kazi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mume wa Felisita alikuja asubuhi, siku isiyo ya gulio. Alikuwa amevaa koti la kijivu, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Kasulo halimhusu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mke wangu aliuza mkufu hapa bila ruhusa yangu. Nimekuja kuukomboa, kwa bei utakayosema. Una majani. Jani moja halifanani na mengine."

Nilikuwa nimeinama nikipepea moto. Mkufu ulikuwa kiunoni mwangu, nimeufunga kwa kitambaa chini ya kitenge, na niliposikia maneno yale ya mwisho nilihisi kila jani peke yake. Kumbe na yeye alilijua jani lile. Mzee aliweka tupa chini, akainua macho, akamtazama mtu yule bila kupepesa.

"Umeyeyuka," akasema.

"Lini?"

"Dhahabu ikiingia hapa haikai. Uliyeyuka na mingine, ukawa kipande, nikaupeleka Mwanza."

Mtu yule akanigeukia mimi, akabadilisha lugha, akasema kwa upole sana, "Binti, wewe ni mtu wetu. Nani anao?"

Mzee hakuelewa maneno, lakini alisimama. Hakuwa mrefu. "Zungumza na mimi," alisema. "Huyo kazi yake ni kupepea."

Nikamjibu kwa lugha yake kwamba niliuona ukiyeyuka kwa macho yangu, na nikiyasema hayo nilikuwa naiona bangili ya mama ikilala ndani ya chungu, kwa hiyo uso wangu haukunisaliti. Alitazama karakana yote, mizani, sanduku la kioo, pazia la chumba changu. Kisha akatabasamu, akaaga kwa heshima, akaondoka. Mzee alirudi kukaa. Akaichukua tupa tena.

"Umeufunga vizuri?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi pika chai."

Felisita hakuja tena. Nilimsubiri kila gulio, nikinunua viazi vya watu wawili. Nilidiriki mara moja kwenda hadi penye mahema ya mwanzo ya kambi, nikaona maturubai ya buluu yanakwenda mpaka upeo wa macho, nikarudi. Mwisho wa mwaka ule ndipo watu walipoondolewa. Walipita barabarani mbele ya karakana, siku baada ya siku, mvua ikiwanyeshea, wamebeba masufuria, mikeka, na wagonjwa migongoni, wanaelekea darajani. Nilisimama mlangoni nikitafuta kitenge chenye maua yaliyofifia. Vilikuwa vingi. Umati ulipokwisha, kimya kilichobaki pale Kasulo kilikuwa kizito kiasi kwamba Mzee mwenyewe alianza kuimba akifanya kazi, yeye ambaye hakuwahi kuimba. Muda si mrefu tukafunga. Yeye akarudi Biharamulo, mimi nikaenda Ngara mjini na mashine ya roli, aliyonipa akisema ni nzito mno kuibeba.

Ilipita miaka mingi kabla sijavuka daraja. Nilikuwa na woga, halafu nikawa na kazi, halafu nikawa na sababu nyingine. Nilipokwenda nilikuta kilima kama nilivyoelezwa, na kisima mahali pake. Anonsiata alikuwa hai. Alikuwa mwanamke mzima, amejenga kwenye kiwanja cha wazazi wake. Nilijieleza, nikaufungua mkufu kwenye meza yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye jani lile, bila lenzi, kwa kidole. Hakulia. Aliniuliza niliupata kwa nani, na sikuwa nimejiandaa kusema uongo, nikamwambia ni kwa Felisita, na jinsi alivyokuwa akija kutazama.

"Mumewe alifia gerezani," alisema. "Yeye yupo, pale chini kwenye mikaratusi. Hatusalimiani."

Kisha akauliza kama nina koleo. Akataka nimtolee jani lile moja tu. "Mkufu wote ukiwa ndani ya nyumba hii sitalala," alisema. Nikafungua vipete, nikamtolea. Yaliyobaki akanisukumia. Nilimuuliza niyafanyie nini, akasema hajui, kwamba mimi ndiye fundi. Ninayo hadi leo. Sijayeyusha, sijauza.

Nikiteremka niliikuta nyumba ya mikaratusi, mlango uko wazi, na bibi mmoja anamenya ndizi kizingitini. Nilimpigia hodi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu," akasema. "Umezeeka."

Nikakaa, nikachukua kisu kingine, tukamenya. Hakuuliza chochote mpaka sufuria ilipojaa.

"Ameuchukua?"

"Amechukua jani."

Alitikisa kichwa polepole, akaosha mikono, akaikausha kwenye kitenge. Akaniambia kwamba tangu arudi, maji huyachota kwa kuzunguka kilima chote, njia ya bondeni, kwa sababu njia fupi ya kisimani inapita mbele ya mlango wa Anonsiata. "Na magoti yangu sasa ni mabovu," alisema. "Labda kesho nitajaribu ile ya juu." Alisema hivyo akitazama mtungi, si mimi. Gari la mwisho la Rusumo lilikuwa karibu kupita, nikaaga. Alinisindikiza hadi kwenye mti wa kwanza. Sijui kama siku iliyofuata alipita njia ya juu, na kama alipita, sijui kama mlango ule ulikuwa wazi. Sijarudi kuuliza.